Doa Jeusi Mezani na Maswali Mengine ya Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu madoa sugu, na karibu zote zina upungufu mmoja. Mwandishi hueleza kilichomwagika na mahali kilipomwagikia, lakini hasemi amekwisha kupaka nini. Naomba kila atakayeandika baada ya leo aanze na hilo, kwa sababu doa lililokwisha kumiminiwa dawa mbili tatu si lile lile tena, na jibu linalofaa kwa doa jipya laweza kuwa hatari kwa doa ambalo bado lina mabaki ya dawa. Mwenye barua ya kwanza ameeleza yote bila kuficha, na ndiyo maana nimempa nafasi kubwa kuliko wenzake.

SWALI: Nina meza ya mbao ngumu niliyoachiwa na marehemu mama yangu. Tuliweka juu yake chungu cha maua kilichokaa kwenye sahani ya chuma, maji yakawa yanavuja polepole bila sisi kujua, na tulipokiondoa tukakuta duara jeusi kama wino. Nimesugua kwa sabuni, nikapaka maji ya limau, na jana nikapaka blichi ya kufulia. Duara halijaondoka, ila mbao inayolizunguka imepauka. Fundi mmoja ameniambia nipige msasa mpaka doa liishe. Je, ipo njia nyingine kabla ya kuikwangua meza ya mama?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Njia ipo, na doa la aina hiyo huondoka vizuri likipata dawa yake. Lakini kabla sijaitaja dawa hiyo, nakusihi usipake kitu kingine chochote juu ya meza leo. Blichi uliyoitumia ina klorini, na ninayokwenda kukushauri ni asidi. Blichi ikikutana na asidi yoyote, hata siki au maji ya limau, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha katika vita karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji mwezi wa Aprili mwaka 1915. Kiasi kinachotoka kwenye kitambaa cha kufutia ni kidogo, lakini ndani ya chumba kilichofungwa kinatosha kuchoma macho na mapafu. Kwa hiyo fungua madirisha, futa meza mara nne au tano kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, ukibadilisha maji kila mara, kisha uiache ikauke siku mbili nzima.

Wakati inakauka, tulitazame doa lenyewe. Mbao nyingi ngumu zina tanini ndani yake, yaani kitu kile kile kinachoyapa majani ya chai ukali wake mdomoni. Maji yaliyopita kwenye ile sahani yalibeba chembe za chuma, yakapenya mahali ambapo vanishi ilikuwa imechoka, na chuma kilipokutana na tanini vikaungana kufanya kitu cheusi. Uliposema jeusi kama wino ulisema kweli kuliko ulivyodhani, kwa maana kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliandikia wino uliotengenezwa hivyo hivyo, kwa tanini na chumvi ya chuma. Ndiyo sababu sabuni haikufaa kitu, kwani hapo hapakuwa na uchafu wala mafuta ya kuoshwa. Blichi nayo huondoa rangi zinazotokana na mimea na rangi za kutiwa, lakini chuma haikigusi, na kwa hiyo ilipausha mbao nzima iliyozunguka na kuliacha duara likionekana zaidi kuliko mwanzo. Limau lilikuwa karibu na ukweli, ila asidi yake ni dhaifu mno kwa kazi hii, na pengine vanishi iliyobaki juu ya mbao ililizuia lisifike chini.

Dawa yake inaitwa asidi ya oksaliki. Huuzwa ikiwa chembechembe nyeupe, na wafanyabiashara wa vifaa vya useremala na rangi huijua kama dawa ya kung'arisha mbao. Asidi hii hukishika chuma na kukigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka katika maji, nacho hufutika. Haigusi sana rangi ya asili ya mbao, jambo ambalo blichi haikuweza kukufanyia. Lakini ni sumu. Ikimezwa huharibu figo, vumbi lake huwasha pua na koo, na maji yake huchoma ngozi. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, tumia chombo cha kioo au cha plastiki na kamwe si cha chuma, na usiiweke hata dakika moja katika chupa ya maji ya kunywa.

Asidi hii haiwezi kupita juu ya vanishi, na kwa hiyo itakubidi uiondoe vanishi iliyobaki juu ya meza yote. Najua unatamani kushughulika na duara peke yake, lakini mbao iliyopakwa asidi hutoa rangi safi zaidi kuliko iliyoachwa, na ukipaka sehemu moja utapata duara jeupe mahali pa lile jeusi. Vanishi ikiisha, yeyusha vijiko viwili vya mezani vya asidi katika nusu lita ya maji ya moto, upake kwa brashi ya nyuzi za plastiki juu ya meza yote, kisha uongeze kidogo palipo na duara. Subiri. Mara nyingi weusi huanza kulegea ndani ya dakika chache, na kuona jambo hilo likitokea mbele ya macho yako baada ya wiki za kusugua ni faraja kubwa. Pakianza kukauka, rudia. Doa la zamani huweza kuhitaji mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine ni vizuri kuiacha mbao ikauke, kwa sababu mbao mbichi huonekana nyeusi kuliko ilivyo na itakudanganya.

Ukiridhika, futa meza kwa maji safi mara kadhaa, kisha upitishe maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha bikabonati ya soda kwa lita ili kuimaliza nguvu ya asidi iliyobaki, ufute tena kwa maji matupu, na uiache ikauke siku mbili. Usiharakishe kupiga msasa hapa. Chembe za asidi zilizosalia ndani ya nyuzi zikigeuka vumbi huingia puani moja kwa moja, na ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hufuta mara nyingi kuliko inavyoonekana kuwa lazima na kuvaa barakoa hata hivyo. Msasa laini wa namba 220, uliopitishwa kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, unatosha kulaza vinyuzi vilivyosimama kwa sababu ya maji.

Ama ushauri wa fundi wako, sisemi kwamba ni mbaya kila mahali, lakini kwa meza yako naupinga. Doa la chuma hufuata maji, na maji huzama ndani zaidi kuliko jicho linavyokisia, hivyo utapiga msasa mpaka ufanye bonde na bado uwe na kivuli cheusi chini yake. Zaidi ya hayo hujaniambia kama meza hiyo ni ya mbao nzima au imebandikwa vinia, yaani utando mwembamba wa mbao nzuri uliogundishwa juu ya ubao wa kawaida. Itazame pembeni, kwenye ukingo: kama mistari ya mbao ya juu inaendelea kushuka kwenye ukingo, hiyo ni mbao nzima, lakini kama inakatika ghafla na kuanza mistari mingine, hiyo ni vinia, na vinia za siku hizi mara nyingi hazifiki hata milimita moja. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga msasa kabati la jamaa yangu nikiwa na hakika kwamba ni mbao nzima, na nilipotambua kosa langu tayari gundi ilikuwa inaonekana. Hakuna dawa ya kurudisha kilichokwanguliwa, na kwa kitu alichokuachia mama nisingependa ulijue hilo kwa njia niliyolijulia mimi.

SWALI: Mgeni aliweka kikombe cha moto juu ya meza yetu yenye vanishi, kikaacha duara jeupe. Nimefuta kwa kitambaa kikavu tu. Je, nayo inahitaji dawa kali?

JIBU: Hapana, na nakupongeza kwa kutopaka kitu. Weupe huo ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, haujafika kwenye mbao, na kazi yako ni kuutoa kwa upole. Subiri siku moja au mbili kwanza, kwa maana baadhi ya alama hizo hupotea zenyewe. Isipopotea, paka mafuta ya mgando juu ya alama wakati wa kulala na uyafute asubuhi. Ikiwa bado ipo, tandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kikavu na kisicho na maandishi wala michoro, upitishe juu yake pasi yenye moto mdogo kabisa na isiyo na mvuke, kwa sekunde tano hadi kumi, kisha uinue utazame. Rudia mpaka weupe uishe, na usiiache pasi ikakaa mahali pamoja. Kama vanishi yenyewe imevimba au imepasuka, basi iliungua, na hapo hakuna njia isipokuwa kuiondoa na kupaka mpya.

SWALI: Sakafu na meza ya jikoni kwetu ni za marumaru nyeupe. Chai ilimwagika mezani ikaacha doa la kahawia, nami nikalisugua kwa limau na chumvi. Doa limefifia, lakini sasa pana mahali pamefifia mng'ao, na kila ninaposugua kwa limau panazidi kupanuka. Nitumie nini kuondoa doa hili la pili?

JIBU: Tafadhali weka limau mbali na meza hiyo kuanzia sasa hivi. Unachokiita doa la pili si doa. Marumaru ni kalisi kaboneti, na asidi ya limau inaiyeyusha na kutoa hewa ya ukaa, ndiyo maana tone la siki likiangukia jiwe la namna hiyo hutoa vipovu vidogo. Kila uliposugua uliondoa ngozi ya juu iliyokuwa imesuguliwa ikang'aa, na chumvi ikasaidia kuikwaruza. Ukiinama na kutazama meza kwa upande ambako mwanga unaingia, utaona kwamba pale palipofifia hakuna rangi yoyote ya ziada, ila jiwe limekuwa kama kioo kilichopigwa msasa.

Mng'ao hurudishwa kwa kusugua, wala hauoshwi. Kama eneo ni dogo na halina mkwaruzo unaosikika kwa ukucha, tumia unga wa kung'arishia marumaru, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa oksaidi ya bati, ukausugua kwa kitambaa chenye unyevu mpaka jiwe liwake tena. Ni kazi ya mkono inayochukua muda na inayomtaka mtu asichoke upesi. Kama eneo ni kubwa, mwite fundi wa mawe mwenye mashine, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kulisawazisha vizuri.

Kivuli cha chai kilichosalia kitolewe kwa ubandiko. Changanya bikabonati ya soda na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa kwa kusafishia vidonda, mpaka upate uji mzito. Utandaze juu ya kivuli kwa unene wa karibu nusu sentimita, ufunike kwa karatasi ya plastiki iliyobandikwa kingo zake, na uuache saa 24. Kisha ondoa plastiki lakini uuache uji wenyewe ukauke kabisa hapo hapo. Wengi huharibu kazi katika hatua hii kwa kuufuta ukiwa bado mbichi, ilhali ni katika kukauka ndipo unapovuta rangi kutoka kwenye vinyweleo vya jiwe na kuipandisha juu. Ukishakuwa mkavu ukwangue kwa kipande cha plastiki, osha, tazama, na urudie ikibidi. Njia hii ninaipendekeza kwa mawe meupe tu, kwa sababu peroksaidi huweza kupausha jiwe jeusi. Kama doa lingekuwa la mafuta, mahali pa peroksaidi ungeweka asetoni, yaani kimiminika kinachotumiwa kuondolea rangi ya kucha nacho hushika moto upesi, ukiwa umezima kila moto na kufungua madirisha.

SWALI: Mtoto alitokwa na damu puani usiku, ikaingia kwenye godoro na kwenye shuka. Nilimwagia maji ya moto haraka ili isigande, lakini sasa limekuwa doa la kahawia lisilotoka. Nifanye nini?

JIBU: Nia ilikuwa njema, ila joto ndilo lililoligandisha. Damu imejaa protini, na protini hubadilika kwa joto jinsi ute wa yai unavyobadilika ukichemshwa: ilikuwa majimaji, ikawa kitu kigumu kilichoshikamana na nyuzi. Damu mbichi huoshwa kwa maji baridi, na mara nyingi hayo peke yake yanatosha.

Shuka yako bado ina nafasi nzuri. Iloweke usiku mzima katika maji ya uvuguvugu yaliyotiwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kwa kuwa vimeng'enya hivyo hukatakata protini vipande vidogo vinavyoweza kuchukuliwa na maji. Wazo hilo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwani mkemia Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kufulia kwa vimeng'enya mwaka 1913. Usiitumie sabuni hiyo kwa sufu wala hariri, maana nyuzi zake nazo ni protini, na kimeng'enya hakitofautishi damu na blanketi.

Godoro lisiloweshwe. Maji yakizama ndani ya sponji hukawia kukauka na huzaa ukungu, ambao ni mbaya kwa kifua cha mtoto kuliko doa lenyewe. Tia matone ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu ya doa peke yake. Utaona povu jeupe likichemka, kwa sababu ndani ya damu kuna kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Damu iliyopata joto hutoa povu dogo, usishangae. Gusagusa kwa kitambaa safi bila kusugua, kisha urudie mpaka kitambaa kisichukue rangi tena. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani peroksaidi hupausha vitambaa vya rangi. Hatimaye lisimamishe godoro mahali penye upepo mpaka likauke kabisa. Kama patabaki kivuli hafifu, ningekushauri ukiache kama kilivyo, maana kukifukuza zaidi ni kulichosha godoro bure.

SWALI: Shati jeupe lilikauka juu ya waya wenye kutu na likapata madoa ya rangi ya machungwa. Blichi imeyafanya yakolee.

JIBU: Ndivyo blichi inavyofanya kwa kutu siku zote, na sababu ni ile niliyompa mwenye meza: kutu ni chuma, na chuma hakipaushwi bali huyeyushwa kwa asidi. Suuza shati mpaka harufu ya blichi iishe kabisa, kwa hatari ile ile niliyoieleza hapo juu. Kisha paka maji ya limau na chumvi juu ya madoa, ulitandaze juani, na uliloweshe tena kwa limau kila linapokauka. Kwa nguo ya pamba au kitani hii inatosha mara nyingi. Likishindikana, asidi ya oksaliki iliyochanganywa nyepesi itafanya kazi hiyo, kwa tahadhari zote nilizozitaja, na nguo isuuzwe mara nyingi kabla ya kurudi mwilini.

SWALI: Nimefanikiwa kuondoa madoa kwenye milango ya mbao, na sasa nataka kuipaka mafuta ya kitani ili maji yasiingie tena. Je, ni lazima nisubiri muda gani, na matambara yaliyobaki naweza kuyatunza kwa kazi ya baadaye?

JIBU: Subiri mpaka mbao ikauke kabisa, yaani siku mbili tatu baada ya maji ya mwisho, kisha upake mafuta kwa tabaka jembamba na ufute yaliyozidi baada ya dakika 20. Tabaka nene halikauki vizuri, bali hubaki likinata na kukusanya vumbi. Wasomaji wengi hawakuuliza juu ya matambara, na nakushukuru kwa kuuliza.

Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Huungana na oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu, na katika kuungana huko hutoa joto. Juu ya mlango joto hilo hupotea hewani bila kuonekana. Ndani ya tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo, joto halina pa kwenda, huongezeka saa baada ya saa, na tambara huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti wala cheche. Tarehe 23 Februari 1991, katika jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 mjini Philadelphia nchini Marekani, moto ulianzia ghorofa ya 22 kwenye matambara ya namna hiyo, yaliyoachwa baada ya kusafishia mbao za ukutani. Wazima moto watatu walifariki.

Kwa hiyo usiyatunze hata kidogo, wala usiyarundike kwa usiku mmoja. Kazi ikiisha, hata kama umechoka, yatandaze nje moja moja juu ya saruji au mawe, mbali na ukuta wa mbao na majani makavu, mpaka yawe makavu na magumu kama kadibodi, ndipo uyatupe. Kama hakuna nafasi nje, yatumbukize katika kopo la chuma lililojaa maji, ulifunike kwa kifuniko chake, na usiyatoe majini mpaka siku ya kuyatupa.